Maneno Yaliyo Nyuma ya Picha

Skarvøya, 9 Septemba
Kichwa cha barua: KITI CHA BIBI (USIMWONYESHE MTU)

Mpwa wangu Jorid,

Hapa kisiwani wote tu wazima isipokuwa jogoo wa jirani yangu Ansgar, naye alijitakia. Kondoo wameshuka mlimani wamenona hadi wanaingia bandani kwa ubavu. Viazi nimechimba. Kimoja kilinishinda kukitoa, nikakiacha ardhini na kujenga kibanda cha kuni juu yake, na tangu siku hiyo kibanda hakitikisiki hata kwa tufani. Mama yako nilimpigia Jumapili. Anasema kwake mjini Bodø kunanyesha, lakini Bodø kunanyesha siku zote, hiyo si habari.

Sasa tega sikio. Unajua kwamba mimi ndiye mvuvi bora wa pwani hii yote, na sijisifu, kwa sababu hata Ansgar anakiri hivyo akishalewa. Na unajua ubora huo una mahali pake, na mahali penyewe ni Kiti cha Bibi. Babu yako Edvin alinionyesha nikiwa kijana, tukiwa juu ya mashua, mdomo kwa sikio, kama baba yake alivyomwonyesha yeye. Hapaandikwi. Hapasemwi mtu akiwa nchi kavu. Hapaingizwi kwenye kile kidude cha satelaiti cha kuonyesha njia, maana kidude kinaweza kuuzwa pamoja na mashua, na Ansgar ana darubini.

Leo anayepajua ni mimi peke yangu. Mtoto sina, na wewe ndiye uliyerithi mikono ya Edvin; nilikuona ukiwa mdogo, ulivyotia chambo kwenye ndoana bila kuuma midomo. Kwa hiyo nimefikiri sana, tena nimefikiri nikiwa nimekaa, si kwa kupitapita. Kuandika ni marufuku. Kusema nchi kavu ni marufuku. Lakini picha? Babu hakusema neno juu ya picha! Basi nimekwenda juu ya Kiti chenyewe nikapiga picha, nikaziweka katikati ya maneno, hivi:

Kwanza unatazama huku, mpaka cheupe kiingie ndani ya pengo kama jino linalorudi mahali pake. Halafu unageuza shingo huku, mpaka jeusi liguse jekundu. Mistari hiyo miwili, kutoka alama za nchi kavu hadi mashua yako, inapokatana, chini yako ni Kiti.

Usiniulize kwa nini mwaka huu. Dunia imeendelea, basi.

Mjomba wako asiyeshindwa,
Hartvig

Viambatisho: picha, picha, kondoo, picha, bima ya mashua, picha, mapishi ya keki za samaki


Trondheim, 11 Septemba
Kichwa cha barua: Jibu: KITI CHA BIBI

Shikamoo Mjomba,

Mimi mzima. Mti ulio nje ya dirisha langu umeanza kugeuka manjano kuanzia juu, taratibu, kama mtu anayevua kofia akiingia kanisani. Mama anauliza kama unakula mboga. Nikamwambia viazi ni mboga, akakata simu.

Barua yako imenifikia, ila imenifikia kama nyumba iliyohamishwa na watu wenye haraka. Kila uliposema "huku" pana kijisanduku kitupu. Picha zote zimerundikana mkiani, pamoja na bima ya mashua na mapishi, na sijui "huku" ya kwanza ni ipi na ya pili ni ipi. Moja ni kondoo.

Hiyo ndiyo kazi inayonilisha, Mjomba, kwa hiyo niruhusu nikueleze. Barua pepe ni sanduku lenye visanduku ndani yake. Katika kisanduku kimoja yamo maneno, pamoja na picha zinazoishi ndani ya maneno hayo. Kila picha ya humo ina jina lake la siri, na maneno yanapofika mahali pake yanaliita hilo jina, nayo inaitika na kujitokeza palepale. Nje ya kisanduku hicho kuna vitu vinavyofuatana tu na barua: bima, mapishi, kondoo. Hivyo haviitwi na neno lolote. Hivyo ndivyo viambatisho.

Wewe ulibonyeza ile alama ya kibanio cha karatasi, na kibanio hubana kila kitu mkiani. Safari hii weka kidole pale unapotaka picha ikae, kisha chagua alama yenye kimlima kidogo na jua. Hiyo ndiyo inayoiweka picha ndani.

Umesema nisiulize kwa nini mwaka huu. Sijauliza.

Mpwa wako,
Jorid


Skarvøya, 3 Oktoba
Kichwa cha barua: SASA NIMEELEWA KULIKO WALIOIBUNI

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku ukungu umekuja ukakaa. Umelala juu ya maji kama paka juu ya gazeti, na hautaki kusukumwa. Kondoo wanaingia ndani ya ukungu weupe wakitoka hawajulikani. Ansgar alimwamkia kondoo mmoja akidhani ni mkewe, na alichojibiwa hasemi.

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya shughuli. Somo lako nimelielewa kwa mara moja, maana ni mambo ya mashua. Picha ya ndani ni mtu aliye chumba cha usukani: ukimwita anaitika. Kiambatisho ni kile kimtumbwi kinachovutwa nyuma kwa kamba. Mbona hamkusema hivyo tangu mwanzo? Na viambatisho si vigeni kwangu. Ile tufani ya mwaka nilionunua pikipiki ilinyakua paa la kibanda changu likaenda kutua kwa Ansgar. Tufani iliyofuata ilipovuma kinyume, likarudi lenyewe, likakaa kwenye misumari yake ileile, na limefungiwa kamba, na kwenye kamba kuna kopo la jamu ya mke wa Ansgar na kikaratasi cha asante. Kama hicho si kiambatisho, niambie ni nini.

Uliniuliza siku moja kwa nini panaitwa Kiti cha Bibi. Nyanya yake Edvin alipoletwa hapa bibi arusi alikuja na kiti chake cha kutikisika. Mashua ikainama, kiti kikaenda chini. Walilia, wakasahau. Lakini bahari ikitulia, kule chini kiti kinatikisika, na chewa wa baridi wanapanga foleni kukikalia. Samaki aliyekaa akatikiswa hulegea, na aliyelegea hana mashaka na mtu. Ndoana ikimfikia anaipokea kama mgeni anayekaribishwa keki. Mimi nimelala chali kwenye mashua nikasikia mbao zake. Kri, kri. Ukicheka shauri yako.

Picha nimezirudia, tena za upya, juzi ukungu ulipojifunua kidogo. Hizi hapa, zimekaa ndani:

Unatazama huku

[picha]

na halafu huku

[picha]

na mambo yamekwisha. Utakapojibu tumia herufi kubwakubwa. Si kwa ajili yangu. Simu hii ina kioo kibaya.

Mjomba wako,
Hartvig


Trondheim, 6 Oktoba
Kichwa cha barua: Jibu: SASA NIMEELEWA KULIKO WALIOIBUNI

SHIKAMOO MJOMBA,

NIMEKUZA HERUFI KAMA ULIVYOTAKA. Lakini ninaona zikiwa hivi ni kama ninakugombeza, kwa hiyo narudi kwenye za kawaida na nimezipanua tu.

Picha zimekaa mahali pake, hongera sana. Nimezionyesha kazini jinsi zilivyokaa, lakini nimeziba zenyewe kwa kidole. Tena faili la picha hubeba tumboni mwake mahali lilipopigwa, kama kile kidude chako. Hilo nililing'oa kabla ya kulisoma. Babu Edvin asingelitaka.

Kuna jambo moja. Cheupe hakimo ndani ya pengo. Kiko mbali, kando kabisa, na katikati yake na pengo kuna kipande kirefu cha anga. Na jeusi haligusi jekundu. Jekundu halionekani kabisa, limefunikwa na kilima.

Kwanza nilidhani ni kosa letu. Hutokea picha mbili zikapewa jina moja la siri, basi neno linaita na anaitika asiyeitwa. Kwa hiyo nimeifungua barua yako hadi mifupa. Nimefuata kila jina hadi kwa picha yake. Kila kitu kiko sawa, Mjomba. Kilichofika ndicho ulichotuma.

Nitaendelea kutafuta. Labda ni ukungu.

Jorid


Trondheim, 20 Novemba
Kichwa cha barua: Upo?

Shikamoo Mjomba,

Mwezi wote wa Oktoba umepita, na huu wa Novemba unaelekea kwisha, na sijapata neno lako. Theluji ya kwanza imeanguka leo na mji umekuwa kimya, kama vile kila mtu amekumbuka kitu kwa pamoja. Mama anasema simu ukipigiwa unapokea, na kwamba u mzima, na kwamba ulimweleza habari za sungura aliyekuomba njia.

Niliota niko kwenye mashua yako. Bahari ilikuwa nyeupe na anga nyeupe, na kati yake hapakuwa na mstari. Ulikuwa ukiniambia kitu, mdomo ukicheza, lakini sauti ilikuwa imefungwa kwenye mfuko uliokuwa mkiani, na mimi nilikuwa navuta kamba na kamba haiishi.

Niandikie hata uongo.

Jorid


Skarvøya, 2 Desemba
Kichwa cha barua: nipo

Mpwa wangu,

Nipo sana. Jua limeshatuaga, halichomozi tena hadi mwaka mpya, limebaki lile bluu la adhuhuri, na mimi bluu hilo nalipenda kwa sababu kila kitu ndani yake kina rangi moja na hakuna anayemshinda mwenzake.

Siku hizi siandiki kwa kidole. Ninasema, na simu inaandika. Watu wakubwa wote hufanya hivyo. Hakuna waziri anayejichapia barua. Umeona hakuna kosa hata moja? Ila Ansgar aliingia nikiwa katikati ya sentensi funga mlango Ansgar baridi inaingia na ikaandika hilo pia.

La picha tuliache. Zile nilizipiga bahari ikiwa imechafuka. Mashua ilikuwa inazunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala, mtu yeyote angekosea.

Sungura ni kweli.

Hartvig


Trondheim, 28 Desemba
Kichwa cha barua: Krismasi

Shikamoo Mjomba,

Samahani sikuja Bodø. Ilikuwa zamu yangu, na watu hutuma picha nyingi sana Krismasi. Barua zilikuwa nzito kama mbavu za kondoo tunazokula Krismasi.

Mama alifurahi ulivyokwenda. Anasema uliimba kuliko wote. Anasema pia kwamba ulimimina kahawa kando ya kikombe, ukaendelea kumimina huku ukisimulia, na kwamba ulimpa mkono mwanasesere wa theluji wa jirani ukamtakia heri. Alicheka alipokuwa ananiambia, kisha akaacha kucheka.

Picha ya meza yangu ya Krismasi, ili uone kwamba nilikula:

[picha]

Jorid


Skarvøya, 9 Januari
Kichwa cha barua: kikombe kilisogea

Mpwa wangu,

Heri ya mwaka. Kikombe kilisogea. Nyumba ya mama yako iko kwenye mteremko, mwambie aipime. Na yule mwanasesere alikuwa mwungwana kuliko wajomba wengi ninaowajua.

Barua zako sasa nasomewa. Nabonyeza pembeni na simu inaanza kusoma kwa sauti ya mwanamke wa Oslo, ambaye hajawahi kupanda mashua, unamsikia tu. Ananisomea mambo yako yote kwa sauti moja kama karani anayetangaza vikao. Ameniambia "shikamoo" kama ananifukuza dukani.

Lakini sikiliza jambo hili. Alipofika kwenye meza yako ya Krismasi akasema: "Picha." Akanyamaza. Kisha akaendelea: "Jorid." Nikarudisha nyuma. "Picha." Kimya. "Jorid." Mezani kuna nini? Nikamwuliza mwanamke wa Oslo, "Dada, mezani kuna nini?" Hakujibu. Nimekaa naye jikoni asubuhi nzima. "Picha," anasema, na anapita, kama mtu anayekupita njiani ameshika kitu chini ya shuka.

Barua nzuri hazifanyi hivyo. Tengenezeni.

Chewa wa baridi wanakuja. Machi nakwenda Kitini kama kila mwaka, peke yangu kama kila mwaka. Yule Ansgar akinifuata nitamzungusha mpaka atapike.

Hartvig


Trondheim, 10 Januari
Kichwa cha barua: Nyuma ya picha

Shikamoo Mjomba,

Baridi imeganda hadi mto unatoa moshi. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama ofisini na sijaweza kukaa.

Nimeacha kutafuta kosa ndani ya zile picha za Oktoba. Barua haikuwa na kosa. Sisemi zaidi ya hapo.

Kosa langu mwenyewe nimelipata. Kuna kitu sikukwambia juu ya picha zinazokaa ndani ya maneno. Nyuma ya kila moja kuna nafasi ndogo ambapo mtumaji anaweza kuweka maneno, ili picha isipofunguka, au anayepokea akiwa na kioo kibaya, maneno hayo yasimame badala yake. Kila siku nawahimiza wateja wetu wasiiache tupu. Mimi mwenyewe nilikuwa nakutumia bahasha zenye mgongo mtupu.

Sasa sikiliza:

[Picha. Maneno yaliyo nyuma yake: "Mto Nidelva asubuhi. Upande wa kushoto maghala ya mbao, mekundu na ya manjano, yamesimama majini kwa miguu mirefu. Moshi wa baridi unapanda kutoka kwenye maji, mweupe, umefika kwenye madirisha ya chini. Bata wawili. Mmoja amelala juu ya barafu, kichwa amekificha. Wa pili anamtazama kama anayesubiri amalize."]

Umeipata?

Mjomba, usiende Machi. Ningojee Pasaka, nitakuja. Sitaki picha tena. Nataka nionyeshwe kama ulivyoonyeshwa wewe, juu ya mashua, mdomo kwa sikio. Ukienda peke yako na usirudi, Kiti kitabaki na samaki tu.

Jorid


Skarvøya, 14 Februari
Kichwa cha barua: bata

Mpwa wangu Jorid,

Jua limerudi. Limechungulia juu ya bega la mlima, likatuona jinsi tulivyo, likarudi ndani. Kondoo wana mimba wote na wananitazama kama ni mimi.

Barua yako nimesomewa mara nyingi. Mwanamke wa Oslo alipofika kwenye picha nilijiandaa kwa lile neno lake na kimya chake. Badala yake akaanza: maghala, miguu mirefu, moshi. Na alipofika kwa yule bata anayesubiri mwenzake amalize, sauti yake ikawa tofauti, naapa. Ansgar alikuwepo, ni shahidi, ingawa yeye alikuwa akila mkate na jibini yangu ya kahawia na akitafuna kwa fujo. Akaniuliza, "Hartvig, bata wa rangi gani?" Nikamwambia wa kijivu. Hukuandika rangi. Lakini nilimwona.

Mimi nimeona mengi katika maisha haya. Nimeona nyangumi amelala akikoroma hadi mawimbi yakapangika mistari. Bata kama yule sijapata kuona.

Nitumie zaidi. Nitumie kitu chochote. Nitumie mlango wa jokofu lako.

Kuhusu Machi: injini inakohoa, kwa hiyo nitakungojea. Ni kwa sababu ya injini. Na utakapokuja utashika usukani wewe, kwa sababu mimi nitakuwa nakula mkate.

Mjomba wako,
Hartvig


Trondheim, 20 Aprili
Kichwa cha barua: Siku ile

Shikamoo Mjomba,

Nimefika salama na mikono bado inanuka chewa. Kwenye treni niliachiwa kiti kizima. Mama nimempa ini na mayai ya samaki kama ulivyoagiza, akala bila kusema neno, na kwake hiyo ni hotuba.

Simu sikuitoa mfukoni tulipokuwa kule, kwa hiyo siku ile haina picha. Lakini nimeona haifai ibaki bila maneno nyuma yake. Ulikuwepo, najua. Haya ni ya kukaa nayo. Mwambie mwanamke wa Oslo asome polepole.

Tulitoka asubuhi, milima yote ikiwa nyeupe hadi miguuni, na bahari ilikuwa laini na ya kijani kama chupa. Ulikaa mbele ya mashua, mgongo kwa mlima, uso kwangu, na mkate mkononi ambao hukuuma hata mara moja. Kofia yako ilikuwa nyuma mbele. Sikukwambia.

Ulisema, "Cheupe kiko wapi?"

Nikasema, "Kushoto kwa pengo. Mbali."

"Mbali kama nini?"

"Kama mlango wa kanisa na mlango wa nyumba yako ukisimama gatini."

"Haya, nenda. Usikimbize, hatufukuzwi."

Nikaenda. Nikakwambia kinasogea, kama mtu anayevuka chumba huku akijifanya haendi popote. Ukacheka. Ulikuwa umegeuza uso upande kabisa, si kule kilikokuwa, na ulikuwa unatikisa kichwa kana kwamba unakiona kuliko mimi. "Bado," ukawa unasema. "Bado. Sasa kinagusa ukingo, sivyo?" Na kweli kilikuwa kinagusa ukingo. Kikaingia. Kama jino, Mjomba, kama ulivyoandika. Niliogopa kupumua kisije kikatoka.

Halafu jeusi na jekundu. Jekundu lilichungulia nyuma ya kilima, kwanza kama ukucha, kisha kama kidole. Kwa mbali Ansgar alikuwa gatini kwake na kitu kinameremeta machoni pake. Nikakwambia. Ukasimama ukampungia mkono kwa heshima zote, ukimpungia mlima mtupu, na mimi nikakushika kiuno nikakugeuza kidogo, na ukaendelea kupunga bila kusita, sasa kwake.

Ukaniambia zima injini.

Zile alama mbili nilizijua kwenye barua zako. Ya tatu hujawahi kuiandika wala kuipiga picha, na sasa najua sababu. Ile uliyoninong'onezea pale, mdomo kwa sikio, na pumzi yako ya kahawa, siiandiki hapa wala popote. Nasema hili tu: haiji mpaka zile mbili ziwe zimekufikisha. Na ikija, haihitaji macho ya mtu.

Niliuliza, "Umeisikia?"

Ukasema, "Mimi nimeisikia kabla yako. Tupa ndoana."

Jorid


Skarvøya, 11 Mei
Kichwa cha barua: USHAHIDI

Mpwa wangu Jorid,

Wana-kondoo wamezaliwa, mmoja ana doa jeusi usoni linalofanana na Ansgar, na mkewe naye amekubali. Nyasi zimeanza. Jua sasa karibu halituachi hata usiku, limekuwa kama mgeni aliyesahau nyumbani kwao.

Barua yako ya siku ile naisikiliza nikila. Mwanamke wa Oslo amebadilika kabisa, sasa anaijua bahari, amejifunza kwako. Ila umeacha jambo moja, na lazima lirekebishwe kwa ajili ya watakaokuja baadaye. Hukusema ukubwa wa samaki.

Umesema siku ile haina picha. Unajidanganya. Wewe simu yako ilikuwa mfukoni, yangu ilikuwa mkononi. Nilikupiga picha ukiwa unamvuta. Nimemwomba Ansgar anionyeshe ile alama ya kimlima na jua, nimeiweka picha ndani ya maneno, si mkiani, na nyuma yake nimeweka maneno mimi mwenyewe, hakuna aliyenisaidia:

[Picha. Maneno yaliyo nyuma yake: "Mpwa wangu Jorid juu ya Kiti cha Bibi, Pasaka. Anamvuta chewa ambaye kichwa chake kimefika na mkia wake bado uko njiani. Bahari imeshuka kidogo kwa kutolewa samaki huyo, na kule pwani mashua ya Ansgar imekaa juu ya mchanga. Jorid haumi midomo. Mikono ni ya Edvin. Uso umepigwa na jua, umekuwa mwekundu, na anacheka mdomo wazi kama alivyokuwa akicheka utotoni. Nyuma yake hakuna mlima wala kanisa wala paa, kwa sababu mpigapicha anajua kutunza siri."]

Imetoka vizuri?

Vuli ijayo chewa wadogo wanapita. Injini bado inakohoa. Nitahitaji mtu wa kushika usukani nikiwa nakula.

Mjomba wako,
Hartvig


Trondheim, 12 Mei
Kichwa cha barua: Jibu: USHAHIDI

Shikamoo Mjomba,

Ule mti wa dirishani una majani madogo, bado yamekunjwa kama mikono ya mtoto aliyelala. Mama anakusalimu. Vuli nitakuja, na mkate nitauoka mimi.

Uliniuliza, basi nakujibu. Katika picha kuna anga, Mjomba. Anga ya buluu kutoka ukingo hadi ukingo, na chini kabisa, kwenye kona, kishungi cha kofia yangu ya sufu. Samaki hayumo. Mimi simo. Ni anga safi kuliko zote nilizowahi kuona, na nyuma yake yamo yale maneno yako.

Nimehifadhi vyote viwili katika kisanduku kimoja, na nimevipa jina moja, ili popote vitakapotumwa visije vikaachana.

Nilikuwa nacheka kweli. Ulijuaje?

Jorid